Uhakiki wa Miundo ya Biashara ya Mitandao ya Joto la Nishati Jadidifu: Mtazamo kutoka Tongoni, Tanga

Maandiko mengi kuhusu mitandao ya joto la nishati jadidifu yanaanzia kwenye baridi. Mtumiaji anayedhaniwa ni kaya yenye nyumba ya kupashwa joto, na mfano unaorejelewa mara kwa mara ni Denmark, ambako Sheria ya Ugavi wa Joto ya mwaka 1979 iliimarisha mitandao isiyolenga faida, mingi ikimilikiwa na watumiaji wenyewe. Mtumiaji hulipa ada ya kudumu pamoja na ada ya kiasi alichotumia. Muundo huo ni wa haki mahali ambapo mapato ya kaya hayategemei hali ya bahari. Udhaifu wa maandiko hayo ni kuuchukulia kana kwamba unatokana na joto lenyewe, ilhali unatokana na mshahara wa mwezi.

Tongoni, kijiji cha wavuvi kusini ya jiji la Tanga kinachojulikana zaidi kwa magofu yake, hakina nyumba ya kupashwa joto. Joto linalouzika huko ni la kazi: kukaanga samaki, kuwakausha kwa moshi, kuchemsha dagaa kabla ya kuwaanika. (Hata msikiti na makaburi yale yalijengwa kwa chokaa iliyochomwa, kwa hiyo joto la kazi si jambo geni pwani hii.) Mtandao wowote utakaopendekezwa hapo utashindana na kuni, vifuu na makumbi, na sehemu ya nishati hiyo huokotwa bila kulipiwa. Upembuzi unaoipa kuni bei ya soko la mjini huonyesha akiba ambayo mkaangaji haioni mkononi.

Mkoa wa Tanga wenyewe una mfano wa karibu. Huko Hale, kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga mtambo wa bayogesi wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge. Takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani huwa nyuzi. Mengine yote hubaki korona. Malighafi haihitaji kusombwa, na hiyo ndiyo nguvu kuu ya mradi. Hata hivyo Hale huelezwa zaidi kwa kilowati zake za umeme. Injini ya gesi hugeuza takribani theluthi moja tu ya nishati kuwa umeme, na sehemu kubwa ya inayobaki ni joto. Joto hilo lisipopata mnunuzi jirani, hesabu ya biashara hubaki nusu.

Kule Naivasha, nchini Kenya, shamba la maua la Oserian lilipata kile ambacho Hale haikuwa nacho. Lilikodi kisima cha mvuke kutoka KenGen na tangu mwaka 2003 likapasha joto vitalu vya waridi, hatimaye takribani hekta 50, ili kupunguza unyevu wa usiku unaoleta ukungu. Mnunuzi alikuwa mmoja, yu karibu, na hitaji lake lilirudi kila usiku. Ni kosa kuutaja mfano huo kuwa ushahidi kwamba joto la pamoja linalipa Afrika Mashariki. Unathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba mnunuzi wa kila siku hulipia bomba.

Mkaangaji wa pwani si mnunuzi wa kila siku. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea giza. Mbalamwezi ikitanda, vyombo hulala, na kusi ikivuma sana hali huwa ngumu zaidi. Ada ya kudumu ingemdai hasa siku asizokuwa na kitu cha kuchemsha, naye angeilipa kwa kukopa kwa mchuuzi anayemnunulia dagaa, yaani kwa kuuza mzigo ujao kabla haujavuliwa. Malipo ya kila sufuria, yakikatwa mnadani siku ya mauzo, yangeendana vyema na mapato yake, ila yangehamishia hatari ya siku tupu kwa mwenye mtambo. Miundo iliyohakikiwa hapa haisemi ni nani atakayebeba siku hizo.