Kanisa la Gol Lilivyohamishwa, na Kilichobaki Njiani

Makumbusho ya Norsk Folkemuseum, kwenye rasi ya Bygdøy jijini Oslo, yana majengo yapatayo 160 yaliyoletwa kutoka pande mbalimbali za Norwei. Hans Aall aliyaanzisha mwaka 1894. Mgeni hupita kutoka ua wa mkulima hadi ua mwingine, na swali linalostahili kuulizwa ni hili: nyumba nzima ilisafirije?

Siri imo katika pembe. Fundi wa kijijini alilaza gogo juu ya gogo, akachonga ncha zake ili kila moja likae ndani ya mwenzake. Kuta zikajibana kwa uzito wake zenyewe, bila kutegemea misumari. Nafasi kati ya magogo zilizibwa kwa kuvumwani, upepo usipite. Nyumba ya namna hii hufunguka: unaweka alama kwenye kila gogo, unavua paa, unashusha kuta kuanzia juu, unapakia, kisha unapanga upya kwa kufuata alama. Wakulima wenyewe walikuwa wakiuza na kuhamisha nyumba hivyo zamani kabla ya makumbusho.

Paa halisafiri. Magome ya mti na udongo wenye nyasi juu yake huoza, kwa hiyo hutandikwa upya. Nyasi anazozipiga picha mgeni ni changa sana kuliko magogo yanayozibeba.

Kanisa la Gol ndilo linaloonyesha ugumu wa kazi hii. Ni kanisa la nguzo, lililojengwa mnamo 1200 katika bonde la Hallingdal. Nguzo zake hazikuchimbiwa ardhini. Zilisimamishwa juu ya boriti nene, na boriti zikainuliwa juu ya mawe. Unyevu ukakosa njia ya kupanda, ndiyo maana mti ukadumu karne nane. Kijiji kilipojenga kanisa jipya, la zamani lilikuwa livunjwe. Chama cha kuhifadhi mambo ya kale kililinunua, na Mfalme Oscar II akagharimia kulisimamisha upya Bygdøy, kazi iliyokamilika mwaka 1885, kabla makumbusho yenyewe hayajaanzishwa.

Mafundi walikuta jengo lililobadilishwa mara nyingi. Wakaamua kulirudisha enzi za kati, lakini sura ya nje ya wakati ule haikuwepo tena, basi wakaiga kanisa jingine la nguzo, lile la Borgund. Kiunzi cha ndani ndicho cha kale. Mapaa yaliyopandana na baraza inayozunguka ni kazi ya karne ya 19. Hata hivyo michoro ya mwaka 1652 madhabahuni waliiacha. Naona walifanya vyema kuiacha, na nasikitika kwamba huruma hiyo haikufika kwenye kuta za nje. Walichokibandua kilikuwa historia ya waumini wa Gol pia.

Zaidi ya karne moja baadaye makumbusho yalihamisha ghorofa la mjini, Wessels gate 15, lililojengwa 1865. Humo kila fleti imepewa mwaka wake: moja ni ya 1879, nyingine ni nyumba ya familia yenye asili ya Pakistani mwaka 2002. Jengo halikulazimishwa kuwa na umri mmoja. Anayekwenda Bygdøy aanzie hapo, kisha aingie kanisani na kuzitazama nguzo kabla ya kuyainulia macho mapaa.