Heko kwa Wazee Wenye Masanduku

Simba Day na Wiki ya Mwananchi, matamasha ya klabu za soka za Simba na Yanga, yana muziki, jezi mpya na wachezaji wanaotambulishwa mmoja mmoja. Lakini pongezi zangu ni za wanachama wakongwe wanaokubali kuvuta masanduku yao uvunguni pale tawi linapoandaa siku ya historia ya klabu.

Kazi yenyewe si lelemama. Picha ya kikosi cha miaka ya 70 huja imejikunja, majina yameandikwa nyuma kwa kalamu ya wino na mawili yamefutika. Mzee anavaa miwani, anataja timu kuanzia kipa, mwenzake anambishia kuhusu winga wa kushoto. Ubishi huo nao uandikwe. Kadi ya uanachama, kipande cha tiketi, jezi ya kola: kila kimoja kiwekewe mwaka na jina la mwenyewe, jioni kirudi kwake salama. (Na jezi isipigwe pasi, jamani.)

Bila wao, kijana angejuaje kwamba Simba, iliyozaliwa 1936, iliwahi kuitwa Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kupata jina la sasa mwaka 1971? Tena maonyesho ya kweli hayachagui furaha. Yanga wajivunie mabao matano waliyoifunga Simba mwaka 1968, wavumilie na yale sita waliyofungwa nayo Julai 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Shabiki wa Yanga atakayeileta mwenyewe picha ya siku ile, huyo nampa heko mara mbili.