Simu Iliyovuja Ardhini

Saa 8:45 usiku wa kuamkia Julai 1, 1916, kituo cha Wajerumani cha kunasa simu pale La Boisselle, Ufaransa, kilidaka kipande cha ujumbe wa Waingereza. Zilikuwa salamu za jenerali kwa askari waliotarajiwa kushambulia asubuhi hiyo. Siku hiyo ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza waliojeruhiwa, kuuawa au kupotea walifika 57,470. Si simu iliyowaua, lakini adui hakukutwa amelala.

Siri ilipitia kwenye udongo. Ili kuokoa waya, mafundi wa mawasiliano walitandaza waya mmoja tu kati ya simu mbili, na mkondo wa umeme ukarudi kwa njia ya ardhi. Mkondo huo ukishaingia ardhini haufuati mstari. Hutawanyika kama maji yaliyomwagika uani. Wajerumani walichomeka ardhini vyuma viwili vilivyoachana, karibu na mahandaki ya adui, wakaviunga na kikuza sauti, wakakaa kusikiliza.

Maofisa wa Uingereza walijibu kama maofisa wote: wakatoa amri kwamba watu wapunguze maneno. Watu hawakupunguza.

Kapteni A. C. Fuller, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alishalitazama tatizo kwa jicho la fundi mwaka 1915. Vikuza sauti vile vilinasa mkondo unaopandashuka, yaani sauti ya mtu au mvumo wa Morse. Basi kifaa chake, Fullerphone, kilituma nukta na vistari kwa mkondo mnyoofu, dhaifu mno, wa maikroampea chache tu. Koili na kapasita zililainisha kila mwanzo na mwisho wa alama, usije ukatoa mlio wa kuwafikia wasikilizaji. Kwa mpokeaji, kifaa kidogo kiliukatakata mkondo huo vipande vipande, na hapo ndipo mlio ulipozaliwa, sikioni mwake. Njiani hapakuwa na sauti ya kuiba. Huo ndio ufundi ninaouheshimu: mtumiaji hakutakiwa kuwa msiri kuliko alivyo.

Hata hivyo, Fullerphone ilihitaji waya, na mizinga iliukata kila siku. Fundi wa laini alitoka gizani na koleo, tepu na simu ya kupimia, waya ukipita kiganjani mwake hatua kwa hatua. Akifika mahali anapotilia shaka, huchubua waya kidogo, huunganisha simu, hupiga nyuma, kisha mbele. Upande usiojibu ndio wenye kidonda. Huendelea huko, hushika ncha moja, hutambaa akipapasa nyingine topeni, huzifunga, huzungushia tepu, kisha hupima tena kabla ya kurudi. Mara nyingi laini ilikatika nyuma yake kabla hajafika handakini.

Fullerphone ilikuwa bado kazini katika Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa imeboreshwa mara kadhaa. Fuller mwenyewe alipanda hadi kuwa meja jenerali.