Arjuna Alijisalimisha Mara Mbili

Ipo dhana iliyoenea kuhusu mafundisho ya kiroho ya Kihindu, nayo hurudiwa hata na baadhi ya waumini: kwamba kufikiri ni kazi ya hatua za mwanzo, na kwamba amtafutaye Mungu hufika mahali akaiweka akili kando, akajitupa miguuni pa Bwana wake, asiulize tena. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni Bhagavad Gita, hasa ubeti wa 66 wa sura ya 18, ambamo Krishna, Mungu mwenyewe, anamwambia shujaa Arjuna aache dharma zote, yaani wajibu wote wa kidini, na kumkimbilia yeye peke yake. Usomaji huo unakosea, kwa sababu unauchomoa ubeti mmoja na kusahau jinsi kitabu kilivyojengwa. Anayefuata mpangilio wa mazungumzo tangu mwanzo ataona kwamba kujisalimisha ndani ya Gita ni tunda la fikra, na kwamba kunapokuja bila fikra hakudumu.

Arjuna hangoji sura ya mwisho ili ajisalimishe. Anafanya hivyo katika sura ya 2, ubeti wa 7, mafundisho yakiwa bado hayajaanza. Yumo ndani ya gari la vita katikati ya majeshi mawili pale Kurukshetra. Upande wa pili amewaona Bhishma, mzee wa ukoo wake, na Drona, mwalimu wake wa silaha. Mikono imemlegea, upinde umemtoka, na anamwambia Krishna kwamba yeye ni mwanafunzi wake, amemkimbilia, amfundishe. Neno analolitamka, prapanna, ni la shina lilelile ambalo wanazuoni wa Kivaishnava, yaani waabuduo Vishnu, wa karne za baadaye walilijengea fundisho zima la kujisalimisha. Hakuna kilichopungua katika maneno yake. Hata hivyo, katika ubeti wa 9 mtu huyohuyo anatamka kwamba hatapigana, kisha ananyamaza. Amejikabidhi kwa mwalimu, na mwalimu hajafungua kinywa kumjibu, naye amekwisha kujiamulia. Beti hizo zimekaribiana mno kiasi kwamba siwezi kuamini ni sadfa. Mtunzi anatuonyesha kujisalimisha kunakosukumwa na majonzi: ni kwa kweli, kunatoka moyoni, lakini hakujabadilisha chochote katika namna mtu anavyoona mambo.

Kama Krishna alitaka utii mtupu, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kutoa amri. Badala yake anaanza kufundisha, na sehemu kubwa ya beti zipatazo 700 za kitabu ni mafundisho hayo pamoja na maswali ya Arjuna. Na si maswali ya heshima tu. Sura ya 3 inafunguka kwa lalamiko: ikiwa ufahamu ni bora kuliko tendo, mbona unanihimiza kwenye tendo la kutisha namna hii? Katika sura ya 4 anamuuliza Krishna angewezaje kumfundisha Vivasvan, mungu wa jua, aliyezaliwa zamani kabla yake. Katika sura ya 6 anasema wazi kwamba akili ni ngumu kuizuia kama upepo, na Krishna anakubali kuwa ni kweli, kisha anamwonyesha njia ya mazoezi na kutojishikamanisha. Ubeti wa 34 wa sura ya 4 unayataja pamoja mambo matatu ambayo kwayo mtu hupata maarifa kwa wenye hekima: kusujudu, kuhoji na kutumikia. Kuhoji kumewekwa katikati ya mawili ya unyenyekevu, wala hakuna dalili kwamba kunayaharibu.

Mpinzani atauliza: je, beti chache baadaye, katika sura hiyohiyo, Krishna hasemi kwamba mwenye shaka huangamia? Anasema. Lakini soma mpaka mwisho wa sura uone anavyoitibu shaka hiyo. Anamwambia Arjuna aikate kwa upanga wa maarifa. Hamwambii ainyamazishe. Na sura mbili mbele, Arjuna anapoleta shaka nyingine, kuhusu mtu aliyeshindwa katikati ya njia ya yoga, Krishna anamjibu kwa upole wa mzazi.

Pingamizi zito zaidi ni la sura ya 11. Hapo Arjuna anaonyeshwa umbo la ulimwengu mzima la Krishna, anatetemeka, anaomba radhi. Yaweza kudaiwa kwamba kilichomshinda Arjuna ni hofu, na hoja zilikuwa pambo tu. Ila Arjuna mwenyewe ndiye aliyeomba kuliona umbo hilo, na alipoliona aliomba liondolewe. Baada ya hapo kitabu hakifungwi. Sura ya 12 inaanza kwa Arjuna kuuliza swali jipya, nani ajuaye yoga vizuri zaidi, mwenye kumwabudu Krishna au mwenye kumwelekea Asiyedhihirika, na mafundisho yanaendelea kwa sura saba. Kama maono yangetosha, sura hizo zisingekuwa na kazi.

Sasa turudi kwenye ule ubeti wa 66. Beti tatu kabla yake, katika ubeti wa 63, Krishna anasema amekwisha kumpa Arjuna maarifa ya siri kuliko siri zote, ayatafakari yote bila kubakiza, kisha atende apendavyo. Kwangu mimi hapa ndipo kitovu cha kitabu kizima. Mungu anayezungumza na mja wake anamwachia hukumu. Katika ubeti wa 65 anamwambia aielekeze akili yake kwake. Ndipo linapofuata neno la kukimbilia. Anachoombwa Arjuna akitoe ni akili iliyokwisha kufanya kazi, na huwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho hujakishika. Hata baada ya hapo, katika ubeti wa 72, Krishna anauliza kama Arjuna amesikiliza kwa makini na kama ujinga uliomchanganya umeondoka. Jibu la Arjuna linafuata utaratibu maalumu: upotovu umekwisha, kumbukumbu imerudi, nimesimama imara, shaka zimetoka, kisha ndipo anasema atatenda aliyoambiwa. Utii umekuja mwisho wa orodha. Linganisha na sura ya 2, ambako ulikuja kwanza na ukavunjika papo hapo.

Kuna watakaosema hii ni dini ya wasomi, na kwamba Gita yenyewe, katika sura ya 9, inapokea jani, ua, tunda au maji kutoka kwa yeyote aletaye kwa upendo, na inawafungulia njia wanawake na Washudra, watu wa tabaka la chini, waliozuiwa kusoma Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Hilo ni kweli, na ni miongoni mwa mambo makubwa ya kitabu hiki. Lakini kufikiri si usomi. Mtazame mwanazuoni wa Kivaishnava Vedanta Desika, ambaye mapokeo yanamweka kati ya 1268 na 1369. Alipofundisha kujisalimisha alifuata viungo vinavyotajwa katika maandiko ya Pancharatra: kuazimia kumpendeza Mungu, kuacha yanayomchukiza, kusadiki kwamba atalinda, kumchagua awe mlinzi, na kukiri unyonge, pamoja na tendo lenyewe la kujikabidhi. Kuazimia, kusadiki, kuchagua: hizo ni kazi za akili, na mkulima asiyejua herufi anaziweza sawa na Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani. Shule ya Pillai Lokacharya, mwanazuoni mwingine wa Kivaishnava, ilibisha, ikasema mja ni kama mtoto wa paka anayebebwa na mama yake bila kushika chochote, tofauti na mtoto wa nyani anayejing'ang'aniza. Hata shule hiyo inamtaka mja atambue kwamba yeye ni wa Mungu kabisa, na bila utambuzi huo hawezi kukubali kubebwa.

Jambo hili lina uzito wake nje ya vitabu. Wapo walimu wa kiroho, India na kwingineko, wanaowadai wafuasi wao waache kuhoji, wakabidhi mali na maamuzi yao, na ubeti wa 66 ndio hutangulizwa. Mfuasi anayedaiwa hivyo ana haki ya kuomba asomewe pia ubeti wa 63, kisha apewe muda wa kuutekeleza.