Jukwaa la Ngome Kongwe

Ngome Kongwe ya Unguja, inayokabili bustani ya Forodhani, ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa lao. Baadaye iligeuzwa gereza, kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, karakana ya reli ya Bububu. Kazi iliyoifaa zaidi ilikuja katika miaka ya 1990, ulipojengwa ndani yake ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, zilizopangwa nusu duara.

Kuta nene za matumbawe hupunguza kelele za mjini, na paa ni mbingu yenyewe. Mvua ikishuka, hapana pa kujificha. Hata hivyo, kumbi nyingi za kisasa zenye viyoyozi hazina haiba ya ukumbi huu. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limeonyesha hapa sinema chini ya nyota, na tangu 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara limepandisha jukwaani taarabu, ngoma na muziki wa bara zima la Afrika. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki 2013, aliimba humu akiwa bibi kizee, na vijana wakamshangilia.