Suruali za Kubana na Gitaa la Morogoro

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya suruali za kubana na sketi fupi, kwamba ni ugeni. Vijana wa London walioitwa Mods walikwisha zivaa, nao muziki waliuazima kwa Wamarekani weusi! Basi kuazima ni aibu? Chini ya milima ya Uluguru, marehemu Salum Abdallah (alifariki 1965) aliazima mdundo wa Cuba, na hata jina la bendi, Cuban Marimba. Maneno akayavika Kiswahili fasaha. Mbaraka Mwinshehe alimpita: gitaa lake hudakia mshororo, likasema alilolinyamazia mwimbaji. Wahakiki wetu, ndugu msomaji, huhesabu vina na mizani, gitaa wakalipita kimya.