Hoja, Upendeleo na Imani katika "Kusadikika"

Shaaban Robert alikitoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951. Ni hadithi ya nchi ielezwayo kuwa angani. Humo Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, yaani elimu ya kumtetea mtu. Katika nchi ile neno la mkubwa lilitosha kuwa hukumu. Karama hakujibu ukali kwa ukali. Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Mwishowe ushahidi ulishinda, naye akaachiliwa.

Nguvu ya kitabu i hapa: neno hupimwa kwa ushahidi wake, si kwa cheo cha msemaji. Lakini kina dosari moja ipasayo kusemwa. Majina yamekwisha kuhukumu kabla ya kesi. Nani atamsadiki mtu aitwaye Majivuno? Nani atamshuku Karama? Msomaji huelekea upande mmoja kabla ya kusikia hoja hata moja, na upendeleo huo ndio kitabu chenyewe kinaoukataza.

Maishani hatuvai majina ya tabia zetu. Chukua mfano wa Kiandutu, mtaa wa watu wa kipato kidogo katika Thika. Jina lake latokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza. Nchini Kenya, mazungumzo juu ya funza mara nyingi huwa na wasemaji watatu. Wa kwanza husema funza ni laana. Wa pili husema ni uvivu wa mwenye nao. Wa tatu huuliza: mdudu huyu hukaa wapi, na huingiaje mwilini?

Swali la tatu lina majibu. Funza asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 alifika pwani ya Angola kwa meli, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika Afrika ya Mashariki. Hukaa vumbini; jike hupenya ngozi ya mguu, akavimba kwa mayai. Sakafu ya udongo humfaa; saruji, viatu na usafi humzuia. Basi mtoto asiye na viatu aweza kupata funza hata akiwa mchaji Mungu na mwenye bidii.

Je, hoja hii yampinga Mungu? La. Asemaye laana na aulizwe kwa upole: mbona laana hiyo huiepuka nyumba yenye sakafu ya saruji? Lakini mcha Mungu naye ana neno la kutufunza. Elimu ya wadudu hueleza funza aingiavyo. Haimwamuru mtu kuinama amwoshe jirani miguu. Wengi huipata amri hiyo katika dini yao. Msomi amchekaye mwombaji ni Majivuno wa pili.

Jambo hili si la mchezo. Mtoto akiisha kuitwa mlaaniwa, huona haya, hujificha, akakosa shule; upungufu wa hoja zetu huangukia mguu wake.

Kwa hiyo, kisome Kusadikika. Ukimaliza, kirudie tena huku umeyafunika majina, uone ni hoja ipi isimamayo peke yake. Kisha uwasikilize jirani zako vivyo hivyo.